Taa Kwanza, Kuta Baadaye: Kumalizia na Kutia Umeme Ndani ya Nyumba ya Mwanasesere

Mlango wa nyumba ya mwanasesere una kimo cha sentimita 17 na nusu na upana wa sentimita 7 hivi. Mkono wa mtu mzima ukipenya hapo hauna nafasi ya kufanya kazi. Liweke hilo akilini kabla hujashika msumeno, kwa sababu wengi wanaojenga nyumba hizi hufuata utaratibu wa nyumba ya kuishi: kuta zinasimama, paa linafungwa, rangi inapakwa, na fundi umeme anaitwa mwisho. Nyumba ya kuishi inamruhusu fundi huyo aingie na ngazi yake. Hii hakuna anayeingia. Ukishaibandika kwa gundi, kona ambayo hukuipaka rangi itabaki hivyo, na waya uliokatika ndani ya ukuta hautaufikia tena isipokuwa kwa kubomoa.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu au seremala wa Bugene, Kayanga au Omurushaka hapa Karagwe, na hata Nkwenda kule Kyerwa, anayetaka kumjengea mtoto nyumba ya kuchezea yenye vyumba vilivyokamilika na taa zinazowaka. Sihesabu kuwa unajua umeme. Nahesabu tu kuwa unaweza kukata mbao ikanyooka na kwamba una subira ya kungoja gundi ikauke.

Na kazi hii ni ya maana kuliko inavyoonekana. Mwanafunzi wa shule ya msingi anafundishwa saketi katika somo la sayansi, mara nyingi kwa mchoro wa ubaoni. Hapa saketi anaiwasha kwa kidole chake, anaizima, na akiuliza kwa nini taa ya jikoni inabaki inawaka wakati ya sebuleni imezimika, amekwisha kujifunza. Na Karagwe kwenyewe kuna historia ya kazi za namna hii. Hazina ya wafalme wa Karagwe kule Bweranyange ilikuwa na mifano midogo ya ng'ombe iliyofuliwa kwa chuma. Na katika miaka ya 1990 asasi ya KARADEA iliendesha hapa Karagwe kituo cha mafunzo ya sola kilichopokea mafundi wa nchi mbalimbali za Afrika Mashariki. Mikono ya kutengeneza vitu vidogo tunayo, na umeme mdogo wa volti 12 si mgeni kwetu.

Jifunze kwa nyumba ya Malkia

Nyumba ya mwanasesere inayojulikana kuliko zote ni ile ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens na kujengwa kati ya 1921 na 1924. Ipo hadi leo katika kasri la Windsor. Ina taa za umeme na mabomba yanayotoa maji, na kila kitu kimejengwa kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Tatizo la mkono lilitatuliwa kwa kuzifanya kuta za nje ziinuke juu na kuviacha vyumba wazi.

Wewe huhitaji mtambo wa kuinua kuta. Panga vyumba vyako kwa mstari mmoja, na ukuta mrefu wa nyuma usiupige gundi kabisa: ushikwe na skrubu nne au vishikizo vya kabati, ili utoke mzima. Paa nalo likae juu bila kubandikwa. Ukishaamua mambo hayo mawili, nusu ya matatizo yote ya mbele yameisha.

Vipimo vya kuanzia

Katika kipimo cha moja kwa kumi na mbili, sentimita moja yako inasimama badala ya sentimita 12 za nyumba halisi. Chumba cha mita 3 kwa mita 3.6 kinakuwa sentimita 25 kwa 30. Ukuta wa mita 3 unakuwa sentimita 25. Mlango wa mita 2.1 ndio ile 17.5 niliyoanza nayo. Swichi ya ukutani inayokaa mita 1.4 kutoka chini inakuwa karibu sentimita 12 juu ya sakafu, na mwanasesere mtu mzima anakuwa na urefu wa sentimita 14.

Nyumba ya sebule na vyumba viwili, yenye baraza mbele na jiko la nje, inakaa vizuri juu ya ubao wa sentimita 90 kwa 50. Nusu ya shiti ya plaiwudi inatosha kuta na dari. Ikiwa nyumba itasafirishwa, tumia moja kwa ishirini na nne na ugawe vipimo vyote kwa mbili, ila ujue kwamba nyaya zitakubana zaidi.

KISANDUKU: VIFAA

- Plaiwudi ya milimita 6 ya kuta, na ya milimita 12 ya msingi. Boksi gumu linafaa kwa dari tu.
- Msasa namba 120 na namba 220.
- Gundi nyeupe ya mbao. Supaglu iwe ya vipande vidogo tu.
- Rangi ya maji nyeupe, na rangi nyingine moja au mbili. Chagua kopo lililoandikwa kuwa rangi yake haina madini ya risasi, mtoto atalamba.
- Puti ya ukutani, kidogo.
- Taa sita za LED nyeupe za milimita 3 au 5, au nusu mita ya mkanda wa LED wa volti 12 kama ule wanaofunga kwenye pikipiki na saluni.
- Rezista za robo wati, moja kwa kila taa (zile za mkanda zimo tayari).
- Mita mbili au tatu za waya wa intaneti.
- Konekta ya skrubu yenye matundu 12, swichi ndogo, na fyuzi ya ampea 1 na kikasha chake.
- Kifuko cha betri tatu za tochi, au waya wa kutoka kwenye sola.
- Mita ya fundi redio. Kama huna, betri mbili za tochi zinatosha kujaribia.

Waya wa intaneti naupendekeza kwa sababu maalumu. Ukiuchana gamba la nje unapata nyaya nane nyembamba zilizosokotwa mbili mbili, na kila jozi ina waya wa rangi kamili na mwenzake mweupe wenye mstari wa rangi hiyo. Kwa hiyo kila taa unaipa jozi yake na rangi yake (rangi ni nne tu, kwa hiyo jozi za taa ya tano na ya sita zitie alama): rangi kamili ni chanya, yenye mstari ni hasi, nyumba nzima. Kabla ya kununua, kwangua ncha kwa kisu. Ukiona wekundu wa shaba hadi katikati, chukua. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba; inakatika ukiikunja mara mbili tatu, na itakatikia ndani ya ukuta.

ONYO

Usiingize umeme wa TANESCO wa volti 230 ndani ya nyumba ya kuchezea, hata kwa taa moja. Ukitaka kutumia umeme wa ukutani, tumia chaja ya simu iliyo nzima inayotoa volti 5, na chaja ikae mbali na nyumba. Usitumie betri ndogo bapa za saa: mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza koo vibaya ndani ya saa mbili. Na usizilehemu betri za simu au kompyuta zilizokufa. Zinaweza kuwaka moto.

Umeme kiasi gani, na rezista ya nini

Taa ya LED haijui kujizuia. Ukiipa volti zaidi ya inazohitaji, inapitisha mkondo mwingi, inapata joto na kufa. LED nyeupe inataka volti 3 hivi, na miliampea 10 zinatosha kabisa kung'arisha chumba cha sentimita 30. Rezista ndiyo inayokula volti zinazozidi. Hesabu yake ni fupi: toa volti za taa kwenye volti za betri, kisha gawa kwa mkondo. Betri ya volti 12 ukitoa 3 inabaki 9. Gawa kwa ampea 0.01 upate omu 900. Dukani chukua iliyo juu kidogo, omu 1,000.

KISANDUKU: REZISTA KWA LED MOJA NYEUPE

- Betri tatu za tochi (volti 4.5): omu 150. Rangi: kahawia, kijani, kahawia.
- Chaja ya simu (volti 5): omu 220. Rangi: nyekundu, nyekundu, kahawia.
- Betri ya mraba (volti 9): omu 680. Rangi: bluu, kijivu, kahawia.
- Sola au betri ya pikipiki (volti 12): omu 1,000. Rangi: kahawia, nyeusi, nyekundu.

Ni kwa rezista za mistari minne. Mstari wa nne, dhahabu au fedha, unaonyesha usahihi tu.

Kila taa ipate rezista yake. Wapo wanaotaka kuokoa na kuweka moja kwa taa zote sita. LED hazilingani hata zikitoka pakiti moja. Ile inayopitisha umeme kirahisi itajichukulia mkondo mkubwa, itaungua, na zilizobaki zitafuata moja baada ya nyingine.

Taa sita zinakula miliampea 60 kwa jumla. Betri tatu za tochi zilizo nzuri zitakaa zaidi ya saa 20 za kucheza. Zile za bei ya chini hazifiki nusu ya hapo. Kama nyumbani kuna sola, betri yake haitausikia mzigo huu. Lakini betri ya volti 12 ina nguvu nyingi nyuma yake, na nyaya mbili zikigusana kabla ya rezista ule wembamba wa waya wa intaneti utawaka mwekundu kabla hujakimbilia swichi. Ndiyo sababu fyuzi ya ampea 1 inakaa kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Bila fyuzi usiunganishe.

Ukitumia mkanda wa LED, kazi inapungua. Kata tu pale penye alama ya mkasi. Kila kipande kina taa tatu na rezista yake. Kipande kimoja juu ya sebule kinatosha. Hasara yake ni mwanga mkali wa kibuluu. Mimi naona chumba cha mwanasesere kinapendeza kwa mwanga wa njano, kwa hiyo uliza mkanda wa mwanga huo, au paka kila taa rangi ya kucha ya njano ile inayopitisha mwanga.

Kazi yenyewe, kwa mpangilio

Hatua ya 1: Chora. Kwenye karatasi chora kila ukuta na dari kwa ukubwa wake halisi. Weka alama ya taa ilipo, tundu la waya, na njia ya waya hadi nyuma ya nyumba. Nyaya zote ziishie mahali pamoja: kibao kidogo nyuma ya msingi ambapo konekta itafungwa. Usiunge waya wa taa moja kwenye taa ya jirani ili kuokoa sentimita 30 za waya. Kila taa ikiwa na jozi yake hadi kwenye konekta, moja ikizimika unajua mara moja pa kutafuta.

Hatua ya 2: Kata na ujaribu bila gundi. Simamisha kuta zote kwa tepu ya karatasi. Angalia kona na milango, na kama dari inakaa bila kuyumba. Kwa penseli andika kila kipande jina lake kwenye upande usioonekana: "sebule kushoto", "chumba cha mama nyuma". Kisha chora mstari mwembamba kila mahali ambapo ukuta unagusana na ukuta mwingine. Mstari huo una kazi katika hatua ya 5.

Hatua ya 3: Toboa matundu na chimba mifereji. Vipande vikiwa vimelala mezani, toboa tundu la milimita 3 pale taa itakapokaa (milimita 5 kwa taa kubwa). Kwa dari, waya upite juu yake, chini ya paa, ambako hauonekani na unafikika, usichimbe chochote. Kwa taa ya ukutani, chimba kwa kisu mfereji wa upana na kina cha milimita 2 kuelekea juu hadi kwenye dari. Piga msasa kingo za kila tundu, maana kingo kali ndiyo inayochuna gamba la waya.

Hatua ya 4: Msasa na koti la kwanza. Anza na namba 120, malizia na 220, ukifuata nyuzi za mbao. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Paka rangi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo pande zote mbili za kila kipande. Ukipaka upande mmoja tu, plaiwudi nyembamba inavuta unyevu upande wa pili na kupinda, na katika masika na vuli za Karagwe itapinda upesi. Acha ikauke usiku kucha, vipande vikiwa vimesimama na si kulaliana.

Hatua ya 5: Rangi ya mwisho, dari ikitangulia. Kabla ya kupaka, funika kwa tepu ile mistari ya penseli ya hatua ya 2, upana wa milimita 6 sawa na unene wa ukuta. Gundi ya mbao inashika mbao. Ikikuta rangi inashika rangi, na rangi ndiyo itakayobanduka siku mtoto atakapoegemea nyumba. Kama koti la kwanza limeshaifikia mistari hiyo, likwangue hapo kwa msasa hadi mbao ionekane. Dari iwe nyeupe ya kufifia. Inarudisha mwanga chini, na taa moja inafanya kazi ya mbili.

Hatua ya 6: Tia nyaya na taa. Hii inahitaji maelezo yake, na iko chini.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kufunika. Unganisha kila jozi na betri kupitia rezista yake, vipande vikiwa bado vimelala mezani. Kila taa iwake, ukiutikisa waya isicheze. Iache ikiwaka kwa saa moja na uguse rezista: ikikuunguza kidole, thamani yake si sahihi.

Hatua ya 8: Jaza mifereji kwa puti, piga msasa, gusia rangi au bandika karatasi ya ukutani.

Hatua ya 9: Sakafu, kisha gundi ya kuta. Sakafu inabandikwa kabla ya kuta kusimama, kwa sababu ile ile ya mkono. Funga kuta kwa gundi nyeupe, zibane kwa kamba au tepu, hakikisha kona ni za mraba kwa kutumia jalada la daftari gumu, na uziache siku nzima.

Hatua ya 10: Mapambo ya mwisho: mbao ndogo ya chini ya ukuta, fremu za madirisha, mapazia ya kitenge, na fanicha.

Kuhusu hatua ya 6

Mguu mrefu wa LED ni chanya. Ukishaikata miguu hutaweza kutofautisha kwa urefu, kwa hiyo kabla ya kukata weka alama ya wino mwekundu kwenye mguu huo. Upande wa hasi pia una kingo iliyonyooka kwenye ukosi wa chini wa taa; ipapase kwa ukucha.

Vua gamba la waya kwa sentimita moja. Zungushia waya kwenye mguu mara tatu, ubane kwa koleo. Chuma cha kulehemu kikiwa cha moto, kigusishe kwenye maungio yenyewe, kisha peleka risasi ya kulehemu kwenye waya na si kwenye chuma. Risasi inapoyeyuka na kusambaa ikang'aa, ondoa. Sekunde tatu zinatosha. Zaidi ya hapo taa inaungua ndani ingawa nje ni nzima. Kuibana kwa koleo kati ya maungio na taa kunapunguza joto linalofika kwenye taa. Fungua dirisha, usivute moshi wake, nawa mikono kabla ya kula.

Ikiwa huna chuma cha kulehemu, fundi simu wa Omurushaka au Kayanga anacho, na taa sita ni kazi ndogo kwake. Mpelekee nyaya zilizokwishakatwa kwa urefu na zenye alama. Usikubali maungio ya kusokota tu mahali ambapo yatafunikwa na puti. Shaba ya wazi ndani ya puti yenye maji inaota kutu ya kijani, na taa itaanza kufifia miezi michache baadaye bila wewe kujua kwa nini.

Kila mguu ufunikwe peke yake kwa tepu ya umeme au mrija unaosinyaa kwa moto. Nyaya mbili zilizofungwa pamoja ndani ya tepu moja zinatafuta shoti.

Rezista usizifiche ukutani. Zifunge kwenye konekta nyuma ya msingi, waziwazi, moja kwa kila waya wa chanya. Siku ukibadili betri tatu za tochi kwa sola ya volti 12, unafungua skrubu sita, unabadilisha rezista, na umemaliza, bila kugusa ukuta hata mmoja.

Kuta na sakafu zinazofanana na za kwetu

Vitabu vya ng'ambo vinaonyesha karatasi za maua na zulia. Mtoto wa Bugene ajengewe nyumba anayoijua. Sakafu nyekundu ya saruji inapatikana kwa kupaka puti nyembamba, kuipiga msasa, makoti mawili ya rangi nyekundu ya udongo, kisha nta ya viatu isiyo na rangi na kuisugua kwa kitambaa hadi ing'ae. Mkeka mdogo unafumwa kwa nyuzi za mgomba. Mabati ya paa: chukua boksi lenye mikunjo, bandua karatasi ya juu mikunjo ionekane, funika kwa karatasi ya alumini ya jikoni na uibonyeze kwa kidole mfereji baada ya mfereji. Nje ya jiko, tandaza mkeka wenye punje za mtama zilizopakwa kahawia na mtu yeyote wa Karagwe atajua ni kahawa inaanikwa.

Ukibandika karatasi za ukutani, tumia gundi nyeupe iliyoongezwa maji kidogo. Uji wa unga wa muhogo unabandika vizuri, lakini unaita mende na panya, na wakifika kwenye uji watafika kwenye nyaya. Paka gundi kwenye ukuta, siyo karatasi, kisha sukuma mapovu kwa kadi kutoka katikati kwenda pembeni.

Kitu kimoja ambacho hakionekani hadi taa ziwake: mwanga unaovuja. Usiku utaona mstari mweupe chini ya ukuta na mwanga ukipenya dari ya boksi. Kabla ya kufunga, bandika karatasi ya alumini juu ya dari, na jaza kila kona kwa puti kidogo. Kisha weka tepu ya umeme juu ya alumini mahali inapopita nyaya, isije ikawa njia ya umeme.

Ukichagua msonge

Kuna watakaotaka msonge badala ya nyumba ya bati, nami ninawaunga mkono. Ukitaka kuona umbo lake kwa ukubwa halisi, Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam kina nyumba za asili za makabila mbalimbali, ya Wahaya ikiwemo.

Kwa msonge hakuna ukuta wa kufungua, kwa sababu paa lenyewe linashuka hadi karibu na ardhi. Kwa hiyo jenga vitu viwili vinavyoachana: sahani ya chini yenye sakafu, nguzo na vigawanyo vya matete, na kofia ya nyasi juu ya fremu ya fito, inayoinuliwa nzima. Malizia kila kitu cha chini kwanza. Jozi moja ya nyaya ipande ndani ya nguzo ya kati: tumia tete lenye uwazi, taa ikae kileleni ikimulika chini, na nyaya zitokee chini ya sahani. Usitie waya wowote kwenye kofia. Itainuliwa mara nyingi na waya utakatika. Vigawanyo vinaweza kuvikwa rubugo, kitambaa cha gome la mti, na sakafuni tandaza nyasi laini zilizokatwa fupi.

Nyasi kavu zinadai tahadhari moja: tumia LED peke yake. Balbu ya tochi ya zamani yenye waya ndani inapata joto, na ndani ya nyasi hilo ni hatari.

KISANDUKU: HITILAFU NA CHANZO CHAKE

- Taa moja haiwaki: chanya na hasi zimebadilishana, au miguu inagusana. Badilisha nyaya zake kwenye konekta kwanza.
- Zote haziwaki: fyuzi, swichi, au betri imewekwa kinyume.
- Fyuzi inakatika mara kwa mara: kuna shoti kabla ya rezista. Kagua konekta, swichi na nyaya zote kati ya betri na rezista. Usiweke fyuzi kubwa zaidi wala kipande cha waya badala yake.
- Taa inafifia ukiutikisa ukuta: maungio hayakulehemiwa vizuri.
- Taa iliwaka sana, sasa imekufa: rezista ndogo mno.

ORODHA YA KUHAKIKI KABLA YA GUNDI YA MWISHO

☐ Kila taa imewaka kwa saa moja bila rezista kuunguza kidole.
☐ Hakuna maungio yaliyo wazi popote.
☐ Mifereji imejazwa na kupakwa rangi.
☐ Dari na sakafu zimekwisha kabisa, kona zote.
☐ Mistari ya gundi haina rangi.
☐ Ukuta wa nyuma na paa vinatoka bila kulazimisha.
☐ Fyuzi ipo kwenye chanya, karibu na betri.
☐ Kifuko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Mtoto hawezi kukifungua kwa ukucha.

Orodha hii isomwe na mtu mwingine, wewe ukiwa unamwonyesha. Aliyejenga huona alichokusudia, mgeni huona kilichopo.

Kukabidhi

Chini ya msingi bandika karatasi yenye mchoro wa nyaya: rangi gani ni taa ya chumba gani, rezista ni omu ngapi, betri ni volti ngapi. Andika kwa kalamu isiyofutika na uifunike kwa selotepu pana. Kando yake funga kifuko kidogo chenye LED mbili, rezista mbili na fyuzi moja ya akiba. Mwalimu atakayeipokea shuleni, au mjomba atakayeitwa kuitengeneza miaka mitatu ijayo, hatakuwa na haja ya kukutafuta.

Kama inasafirishwa kwa bodaboda kwenye barabara za vumbi, toa betri, toa fanicha, jaza vyumba kwa nguo laini, na funga ukuta wa nyuma kwa skrubu zote nne. Paa lisafiri peke yake. Ukifika, angalia skrubu za konekta kabla ya kuwasha. Mtikisiko wa njia unazilegeza.